Wakikujibu "sawa bosi" haraka haraka, hapo ndo uanze kuogopa

Ilipokuja ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, saccos (vyama vya akiba na mikopo) zikatakiwa ziwe na leseni, sisi huku tunaipata Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwahiyo mahesabu ya kwenye leja zilizochanika kona yakawa hayana maisha tena. Mi ndo meneja, tena mgeni, nikaona huu ndo muda wangu wa kuonekana. Nikaleta mfumo wa kompyuta, jumamosi usiku nikatupia tangazo kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi: kuanzia jumatatu hakuna kuandika leja. Dakika tano nyingi, wote sita "sawa bosi". Nikalala usingizi mnono.

Miezi mitatu baadae natafuta stepla kwenye droo ya mama wa kaunta nakuta leja, imejazwa mpaka jana yake! Kumbe wanaandika humo kwanza alafu jioni mmoja anaingiza kwenye kompyuta, ndo maana walikuwa wanachelewa kutoka na mi najisifia kwa mwenyekiti kwamba vijana wangu wanajituma 😂

Mori ulinipanda we acha. Bahati nzuri kabla sijafungua mdomo nikaanza kuisoma. Pembeni ya majina kuna maneno ya penseli: huyu usimpigie, mwite ofisini. Huyu mkopo wa ada, mkumbushe Januari. Huyu mdhamini wake kahama. Yaani miaka yote ya kuwajua wanachama iko pale, na mfumo wangu wa bei mbaya hauna pa kuiweka, alafu nashangaa marejesho yanasuasua.

Kwahiyo wewe unaetaka kubadilisha mambo ofisini, semina weka pembeni kwanza. Mtafute yule ambae kila mtu akikwama anamuuliza, kaa nae, akuonyeshe kazi anavyoifanya, muulize hiki kipya kitampotezea nini. Mi ilibidi nimuombe mama msamaha mbele ya wenzake (iliniuma, sidanganyi), fundi akaongeza sehemu ya maelezo inayofunguliwa na watu wawili tu, na mama ndo akafundisha wenzake, sio yule kijana wa tai na projekta. Mi mwenyewe nikawa nakaa kaunta kila asubuhi napokea marejesho, nakosea, wanachama wananicheka.

Leja bado ipo kwenye ile droo. Siku umeme ukikatika anaitoa, anaandika mbele yangu.