Nimepunguzwa kazi, nitie sahihi?

SWALI: Mama, habari za kazi? Naendesha mashine ya kufungasha katika kiwanda kimoja hapa Jinja, mwaka wa saba sasa, kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Wameleta mitambo mipya, na Ijumaa tuliitwa watu 14 tukapewa barua kwamba kazi imeisha siku hiyo hiyo. Wanataka kunipa mshahara wa mwezi mmoja, ila kwanza nitie sahihi karatasi inayosema sina dai lolote. Walinichukua kutoka Arua, nina watoto watatu, na mwenye nyumba anasubiri kodi. Nifanye nini?
Mfanyakazi, Jinja

JIBU: Pole sana, mwanangu. Karatasi hiyo usiitie sahihi kama ilivyo. Nimeziona nyingi nikiwa kwenye kamati ya chama cha wafanyakazi: kiasi cha fedha kiko juu kwa herufi nene, maneno ya “sina dai” yako chini kabisa, na mtu anayedaiwa kodi macho yake huishia kwenye fedha. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haikubali mapatano yanayomnyima mfanyakazi kile ilichompa. Hata hivyo, ukishasaini utakuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Wakikataa kulipa bila sahihi, andika kwa mkono wako juu yake: “Nimepokea 600,000, sijaacha madai mengine.” Weka tarehe, kisha ipige picha kabla hujairudisha.

Sasa hesabu. Aliyefanya kazi miaka mitano lakini hajafika kumi anastahili notisi ya miezi miwili, au alipwe badala yake. Kwako hiyo ni 1,200,000, nao wanakupa nusu. Ongeza siku ulizofanya kazi mwezi huu na likizo ambayo hukuichukua. Haki zako zote zilipwe ndani ya siku saba tangu kazi kuisha.

Jambo kubwa zaidi ni idadi yenu. Mwajiri anayekusudia kuachisha watu kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu kama hiyo ya mitambo, lazima amwandikie Kamishna wa Kazi aeleze sababu, idadi na wakati. Kama mna chama, viongozi wake waarifiwe si chini ya wiki nne kabla. Ninyi mliambiwa asubuhi, mkatoka jioni! Muulizeni ofisa wa kazi wa serikali kama barua hiyo ilifika kwa Kamishna. Kama haikufika, mna hoja nzito kwamba mmeachishwa isivyo halali.

Hoja hiyo inagusa pia kiinua mgongo, yaani malipo ya kuachishwa kazi. Wengi hudhani kila anayepunguzwa hukipata moja kwa moja. Sivyo sheria inavyosema. Hulipwa katika hali maalumu, mojawapo ni kuachishwa isivyo haki, na kiasi chake ni cha kupatana. Mahakama ya Viwanda imewahi kutumia kipimo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Someni pia mikataba yenu, huenda imeahidi zaidi.

Kwa kuwa walikuchukua kutoka Arua, zaidi ya kilomita 100, mwombe ofisa wa kazi aamuru wakurudishe kwa gharama yao.

NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, usiiache. Kwa mshahara wako, kila mwezi iingie 90,000: wewe 30,000, mwajiri 60,000. Omba taarifa ya akaunti uikague mwezi kwa mwezi, maana wapo waajiri wanaokata na hawapeleki.

Nendeni wote 14 kwa ofisa wa kazi wa Jinja wiki hii, na barua, mikataba na hati za mshahara. Kuanza hakuhitaji wakili. Lalamiko la kuachishwa isivyo haki hupelekwa ndani ya miezi mitatu, na mwajiri mjanja atawaambia “njooni wiki ijayo” mpaka miezi hiyo ikatike. Hapo hapo mdai mwajiri cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Ukikiomba, hana ruhusa ya kukunyima.