Pleti ya stendi ya injini: nilivyotengeneza yangu nyumbani kwa ajili ya 3L

Ndugu yangu, umeuliza kama inawezekana kujitengenezea pleti ya kufungia injini kwenye stendi, ile fremu inayoshikilia injini ikiwa nje ya gari, kwa kuwa mikono ya stendi uliyonunua haifiki kwenye matundu ya nyuma ya injini panapofungwa giaboksi. Inawezekana kabisa. Mimi nilitengeneza ya injini ya 3L ya Hiace, ile dizeli ya lita 2.8, na naitumia mpaka leo.

Chuma nilikipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, pleti ya milimita 12. Usishuke chini ya 10, maana injini nzima inaning'inia upande mmoja. Matundu usiyapime kwa rula. Toa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), bandika boksi gumu kwenye uso wa injini, kisha gonga taratibu kwa nyundo ndogo kuzunguka kila tundu mpaka boksi likatike lenyewe. Hicho ndicho kipimo chako. Kilaze juu ya pleti, upige senta panchi (alama ya kutobolea) katikati ya kila tundu.

Kosa langu lilikuwa kwenye bomba linalozunguka ndani ya stendi. Nililichomelea usawa wa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), kwa sababu ndipo palipoonekana katikati. Lakini kwenye injini ya silinda nne zilizosimama, uzito mwingi uko juu ya krenki. Nilipochomoa pini inayozuia bomba lisizunguke, ili niigeuze injini nifungue sampu (bakuli la oili la chini), ikajipindua yenyewe, mpini ukanitoka na kunipiga kifundo cha mkono. Mwanangu alikuwa amesimama pale pale dakika chache kabla, nikamtuma dukani. Mpaka leo nikikumbuka namshukuru Mungu.

Kwa hiyo usichomelee bomba moja kwa moja kwenye pleti kubwa. Lichomelee kwenye pleti ndogo, weka na pembetatu za chuma za kulishikilia, halafu toboa safu za matundu ili pleti mbili zifungwe kwa bolti. Injini ikitaka kujipindua, irudishe kwenye winchi (mashine ya mnyororo ya kunyanyulia injini), pandisha bomba tundu moja, jaribu tena. Yangu ilitulia nilipopandisha kama sentimita 6. Sasa naigeuza kwa mkono mmoja na inabaki pale ninapoiachia.

Kati ya pleti na injini niliweka vipande vinne vya bomba nene ili nipate nafasi ya kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, ile inayozuia oili kuvuja. Vikatwe kwa fundi wa leizi (mashine ya kukerezea chuma), vyote urefu mmoja. Kimoja kikipungua, ukikaza bolti unalivuta sikio la bloku (sehemu ya mwili wa injini yenye tundu la bolti), na chuma cha kalibu hakipindi, kinapasuka.

Kuhusu bolti, nenda dukani na ya zamani mkononi. Zangu zilikuwa za milimita 12, uzi wa 1.25 (umbali wa milimita kati ya uzi na uzi), nyingi za madukani ni 1.75. Zinafanana kwa macho, zinaingia mizunguko miwili, kisha zinakwama na kuharibu uzi wa bloku. Tafuta zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani (alama ya ugumu wa bolti), na ziingie ndani ya bloku angalau milimita 18.

Ukishafunga, legeza winchi kidogo tu, mnyororo ubaki umeshika, uiache injini hivyo usiku kucha. Asubuhi kagua kila mshono wa kuchomelea kabla ya kuondoa mnyororo.