Gemu Ikikwama, Pima Kwanza Kabla ya Kusema Umeshambuliwa

"Wananipiga DDoS!" Maneno haya, yaani kudai mtu anaifurikisha laini yako kwa data ya makusudi hadi ikwame, huandikwa kwenye chati za mechi kila siku, na mara nyingi hakuna aliyeshambulia mtu. Kuna simu humo nyumbani imeanza kupakia picha mtandaoni, au ruta iko nyuma ya kuta mbili. Dhana hii inagharimu: mchezaji hununua VPN (huduma ya kupitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) asiyoihitaji au huhama kampuni ya intaneti, na wengine hulipa wahuni ili walipize kisasi kwa mpinzani asiye na hatia. Baada ya yote hayo gemu inaendelea kukwama.

Tofautisha kwanza kifaa na mtandao. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila moja. Kifaa kikizidiwa, picha hukatika hata kama pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) imetulia. Mtandao una dalili zake: unarudishwa nyuma hatua kadhaa, wapinzani wanaruka kutoka hapa hadi pale, risasi inachelewa kuhesabiwa. Washa kionyeshi cha FPS (picha kwa sekunde) na cha pingi kwa pamoja, uangalie ni kipi kinayumba wakati gemu inakwama.

Kama ni mtandao, fanya kipimo hiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha soma namba ya Default Gateway. Hiyo ni ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Fungua madirisha mawili. La kwanza andika ping -t na namba ya ruta, la pili ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Yaache yakimbie huku ukicheza, na gemu ikikwama usahau chati, nenda ukayasome.

Ruta yenyewe ikijibu kwa milisekunde 80 au 200, tatizo liko ndani ya nyumba, na karibu kila mara ni Wi-Fi. Kwa waya, jibu la ruta huwa chini ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi nzuri huwa chache tu. Dawa ya kwanza ni waya wa LAN, na Cat5e inatosha kabisa kwa umbali hadi mita 100. Pasipo na njia ya waya, hamia masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz na usogee karibu na ruta, kwa sababu masafa hayo hudhoofishwa haraka na kuta. Ukilazimika kubaki 2.4 GHz, chagua chaneli 1, 6 au 11, kwani hizo haziingiliani.

Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 inapaa, kuna foleni kwenye laini, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanapima kasi, wanaona Mbps 50 (megabiti kwa sekunde), wanaamua intaneti haina kosa. Gemu nyingi zikichezwa hutumia chini ya Mbps 1, kwa hiyo kasi kubwa haisemi lolote kuhusu kuchelewa. Kinachoua mechi ni pakiti zako (vipande vya data) kusubiri nyuma ya data nyingine. Chukua ruta inayohifadhi kilobaiti 256 za foleni, yaani takriban megabiti 2, kwenye laini inayopakia kwa Mbps 2: mtu akianza kutuma video, foleni inajaa, na kila pakiti yako inasubiri sekunde nzima. Ukiwa mchezoni, sekunde moja umeshakufa.

Kuthibitisha, simamisha upakiaji wote nyumbani, pamoja na hifadhi za mtandaoni zinazojituma zenyewe kutoka kwenye simu. Pingi ikishuka papo hapo, umempata mkosaji. Tiba ya kudumu ni ruta yenye SQM (mfumo wa kupanga foleni ya data), hasa inayotumia mbinu za fq_codel au CAKE. Weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, kwa kupakua na kwa kupakia. Utapoteza kasi kidogo, nami naiona biashara nzuri. Kama laini inapaa hata isipotumiwa na mtu, hapo sasa mpigie anayekuuzia intaneti, ukiwa na vipimo vyako mkononi.

Madirisha yote mawili yakiwa safi, tazama seva ya gemu au njia ya kuifikia. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 6,000 haiwezi kukupa pingi chini ya milisekunde 60, ulipe kifurushi chochote. VPN hupunguza pingi pale tu njia ya kawaida inapozunguka vibaya. Ukitumia tracert, amri inayoonyesha vituo ambavyo pakiti zako hupitia, usishtuke kituo cha katikati kikionyesha nyota: ruta nyingi hupuuza maswali hayo makusudi. Ni upotevu wa pakiti unaoendelea hadi kituo cha mwisho ndio wenye maana.

Kuuawa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta nako si shambulio. Seva nyingi hurudisha saa nyuma kidogo ili kuangalia mpigaji aliona nini alipofyatua, na kwenye skrini yake wewe ulikuwa bado nje.

Mashambulizi ya kweli yapo. Krismasi ya 2014 PlayStation Network na Xbox Live zilishambuliwa, wachezaji wakakosa huduma kwa mkupuo. Shambulio linalokulenga wewe huangusha vifaa vyote vya nyumbani kwa pamoja, kurasa za kawaida zikiwemo. Hitilafu ya kampuni ya intaneti huonekana vivyo hivyo, kwa hiyo dalili hiyo peke yake haitoshi. Jiulize pia adui angeipataje IP yako, yaani anwani ya laini yako kwenye intaneti: gemu ikipitia seva maalumu, wachezaji wenzako huona seva tu. Hatari iko kwenye gemu zinazowaunganisha wachezaji moja kwa moja, kwenye seva za watu binafsi, na kwenye viungo unavyotumiwa ubofye. Hata akiipata, IP haimpi funguo za kompyuta yako.

Ukiwa na sababu ya kushuku, andika IP yako ya nje, zima ruta kwa dakika chache, uiwashe, uangalie kama imebadilika. Ikibadilika na laini ikapona, shaka ina uzito. Mpe mtoa huduma saa kamili na IP ya zamani. Kama ukurasa wa ruta unaonyesha IP ya nje kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, unashiriki anwani na wateja wengine, na ni mtoa huduma pekee anayeweza kuchuja. Usilipe mtu alipize: ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na nguvu ya kushambulia wanayokuuzia mara nyingi imeibwa kwenye vifaa vya watu. Programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na ruta za nyumbani kwa kujaribu nywila za kiwandani, na seva za Minecraft zilikuwa miongoni mwa shabaha zake. Badilisha nywila ya ruta yako leo, sasisha programu yake, na uzime usimamizi wa kutoka nje.