Mkuu, besi na drams msizirekodi siku tofauti

Mkuu, hebu simamisha kwanza hiyo safari ya studio. Umesema bendi yenu ya jazz-funk inarekodi albamu ya pili, mnataka mlio kama wa Thrust, albamu ya mpiga kinanda Herbie Hancock, na prodyuza kawaambia besi iingie Jumatatu kwa metronomu, ile mashine ya kuhesabu mapigo, drams zifuate Ijumaa. Umeuliza pia kuhusu jalada na idadi ya nyimbo. Hayo yatasubiri.

Sisi tulipewa ushauri huohuo. Mwenye studio alidai kupiga wote pamoja ni mambo ya kizamani, kompyuta itanyoosha kila kitu. Ikanyoosha kweli: kila pigo likakaa kwenye mstari wake na mdundo ukafa. Mpiga besi wetu huchelewa kidogo nyuma ya snea, ile drams ndogo yenye mlio mkali, na mpiga drams akimsikia hujaza pengo lile kwa vipigo vidogo vya mkono wa kushoto. Ukiwatenganisha, kila mtu anapiga na mashine. Tulipolalamika, yule bwana akasema wabovu ni wanamuziki, halafu akatutoza tena saa za kuchanganya sauti! Hadi leo nikimkumbuka damu inachemka. Alikuwa anauza saa, muziki haukumhusu. Fedha ya albamu nzima ikaishia kwenye nyimbo ambazo hatukuzitoa.

Sasa isikilizeni hiyo Thrust yenyewe. Ilitoka 1974, ya pili kwa Headhunters, kikosi cha Hancock, na aliyebadilika ni mpiga drams peke yake: Harvey Mason katoka, Mike Clark kaingia. Clark hakuja kama mgeni. Yeye na mpiga besi Paul Jackson walikuwa wameshazoeana kwa kupiga pamoja huko Oakland. Weka wimbo wake "Actual Proof", kiache kando kinanda cha Hancock, wafuate hao wawili tu. Besi inarukaruka, kiki, ile drams kubwa ya mguu, haiangukii pale unapoitegemea, na bado hawapotezani hata kidogo. Wanasikilizana, mkuu!

Mwambie prodyuza: besi na drams chumba kimoja, wakitazamana, wimbo mzima bila kukata. Akiogopa sauti kuvuja kwenye maikrofoni za drams, spika ya besi aiweke chumba cha pili, mpigaji abaki ndani na hedifoni. Saksafoni na kinanda mnaweza kuongeza baadaye. Akikataa, daini mrudishiwe malipo ya awali kabla hajachomeka hata waya mmoja.