Gari la zamani likikata moto mlimani, anza na tangi

Hilux ya marehemu baba, ya mwaka 1991, ya petroli na kabureta, ilikaa miezi minane nyuma ya nyumba yetu hapa Uyole, Mbeya, bila kuwashwa. Ilikuwa na mafuta nusu tangi. Siku tuliyoiwasha ikawaka, nikafurahi, nikapakia mbolea nikashika njia ya Isyonje. Mlima ulipoanza kukaza ikapungua nguvu, ikashtukashtuka, ikazima. Nikakaa kando ya barabara kama dakika 10, nikapiga stata, ikawaka vizuri kabisa. Mbele kidogo ikazima tena.

Miezi miwili iliyofuata nilinunua plagi, nikanunua koili, kabureta ikasafishwa mara mbili. Kila tulipobadili chujio, gari lilitembea siku tatu au nne, kisha yaleyale. Pesa iliniuma sana, na hiyo ndiyo sababu naandika haya.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mtu mzima. Hata boneti hakufungua. Aliuliza tu: "Mwanangu, likizima ukalipumzisha, linawaka lenyewe?" Nikamwambia ndiyo, linawaka. "Basi usinunue kitu. Uchafu unavutwa, unaziba mdomo wa bomba mle tangini. Pampu ikiacha kuvuta, unaanguka chini. Shusha tangi."

Baridi yetu nayo ina mchango hapa. Tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa yenye unyevu. Usiku wa Juni na Julai chuma kinapoa, unyevu unageuka matone kwenye kuta za ndani na kutiririka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanalala kwenye sakafu ya tangi, na hapo ndipo kutu inapoanzia. Wenye dizeli wana balaa jingine: ute mweusi unaoota pale maji na dizeli vinapokutana.

Kabla ya kushusha chochote, pima. Legeza boliti ya kumwagia iliyo chini ya tangi, kinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo, acha yatulie saa moja. Ya kwangu ilionyesha kila kitu: petroli juu, chini yake vidole viwili vya maji ya rangi ya chai, na chini kabisa unga mwekundu kama vumbi la tofali. Nilipoitikisa, unga ulipanda wote, kisha ukashuka taratibu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya mle ndani kila nilipopanda mlima.

Kazi ifanyike nje, peupe. Chomoa betri kwanza. Huku kwetu gereji nyingi asubuhi zina jiko la mkaa la kuotea moto. Omba lizimwe kabisa, usiridhike likisogezwa tu pembeni. Tangi lililomwagwa mafuta linatisha kuliko lililojaa, kwa sababu limebaki na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kijana mmoja alitaka tulikate kwa moto, tusafishe, kisha alichomelee. Nilikataa. Nakuomba na wewe ukatae, hata akikuapia kwamba ameshafanya hivyo mara mia.

Toa geji, yaani kile kipimo cha mafuta kilicho ndani ya tangi, na boya lake, weka kando. Osha tangi kwa maji mengi na sabuni ya unga, rudia mpaka harufu ya petroli iishe. Usiingize chuma kabla ya hapo, maana cheche moja inatosha. Harufu ikiisha, tia nati zenye ncha, watu wawili mshike, mtikise huku na huku zikwangue kutu. Zihesabu kabla hujazitia! Sisi tulitia 40, zikatoka 39, na ile moja ilitugharimu karibu saa nzima ya kugeuza tangi juu chini.

Kisha siki. Nilinunua madumu manne ya lita 5, nikaziba matundu, nikaliacha siku mbili huku nikiligeuza upande kila baada ya saa chache. Siki ilitoka nyeusi. Suuza, pitisha maji yenye magadi kuua ile asidi, suuza tena. Halafu likaushe siku hiyohiyo, kwa kompresa na jua, kwa sababu chuma kilichokwanguliwa kikibaki na unyevu usiku mmoja kinarudi kuwa chekundu. Likishakauka, zungushia lita moja ya petroli safi ndani na uimwage. Ukiona matundu ya kutu yamepenya, acha kuhangaika, tafuta tangi jingine.

Bomba la kwenda mbele nalo lipulizwe kwa upepo, likiwa limechomolewa kwenye pampu. Mipira iliyopasuka badilisha. Mpira wa kifuniko cha kujazia uangalie kwa makini. Wa kwangu ulikuwa umekatika, na mvua za Mbeya zilikuwa zikiingia hapo.

Nunua machujio matatu yale madogo ya plastiki yanayoonyesha ndani. La kwanza nilitoa baada ya wiki, lina unga kidogo. La pili baada ya mwezi, punje chache. La tatu bado lipo, nalichungulia kila Jumamosi, na petroli ndani yake ni safi. Wiki iliyopita Hilux ilipanda Isyonje na mzigo bila kusita, na jioni kabla ya kulala niliijaza tangi mpaka juu.