Hata Bach aliambiwa anawachanganya washarika

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, napiga kinanda usharikani kwetu hapa Moshi. Kabla ya wimbo huwa naweka utangulizi wenye manjonjo, kwani nimemsikia Bach, yule mtunzi wa Kijerumani wa zamani, kwenye simu akizifanyia hivyo nyimbo za Kijerumani kama zile za Mwimbieni Bwana. Jumapili iliyopita mzee wa kanisa kanivuta pembeni: nawachanganya watu, hawajui waingie wapi. Kosa langu ni nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maneno ya mzee wako aliambiwa Bach mwenyewe, Februari 1706, kule Arnstadt, Ujerumani, alikokuwa mpiga ogani wa kanisa. Alikuwa na miaka 20, mdogo kuliko wewe. Alipewa ruhusa ya wiki nne kwenda mji wa Lübeck kumsikiliza bingwa Buxtehude akipiga ogani (kinanda kikubwa cha kanisa, chenye kanyagio za miguu), akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, baraza la kanisa likamweka kiti moto: mbali na utoro, anaingiza mapambo ya ajabu na noti ngeni ndani ya wimbo hata washarika wanapotea. Palepale ikatajwa kwamba alipoonywa kuwa anapiga kirefu mno, alikata mpaka ikawa fupi mno. Kususa huko nakujua, nami nilisusa hivyohivyo.

Sasa sikiliza alivyofanya baadaye, akiwa Weimar. Alianza kitabu kidogo cha kumfundisha mpiga ogani anayeanza, akapanga nyimbo 164, akamaliza vipande 46 tu. Kimo humo "Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ", sala ya mtu aliyeelemewa. Mkono wa kulia unaimba wimbo wenyewe, taratibu, na urembo kidogo tu. Wa kushoto unatiririka chini yake bila kupumzika. Miguu inagonga besi kama mapigo ya moyo. Wimbo unapita mara moja, mwanzo hadi mwisho, basi. Hata anapochora maana, kama kwenye wimbo wa anguko la Adamu ambapo besi inadondoka, inadondoka tena, sauti ya juu haiguswi: bibi aliyekaa benchi la nyuma anaufuata.

Wewe nadhani umeiga kipande kingine cha Bach, "Wachet auf". Kile kinaanza na melodia nyingine kabisa, wimbo wenyewe unaingia baadaye kwa sauti ya tenor, si ya juu. Ni kitamu, lakini Wajerumani walikuwa nao wimbo huo tangu 1599. Washarika wako wakiusubiri wimbo wa wiki hii kwa staili hiyo, watakusubiri hadi sadaka.

Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifunga utangulizi kwa kodi (noti kadhaa zikilia pamoja) tamu sana, ndefu. Nusu ya kanisa wakaanza ubeti wa kwanza, nusu wakaketi wakidhani tumemaliza. Mchungaji alibaki na kitabu wazi mkononi.

Kwa hiyo: manjonjo yaweke mkono wa kushoto, soprano uiache ilivyo. Mstari wa mwisho upige mtupu, kama ulivyo kitabuni. Nyanyua mikono, vuta pumzi moja, ndipo uanze ubeti. Na wakishaanza kuimba, usiongeze hata noti moja. Hapo ndipo Bach alipokamatwa.

Huyo mzee mwombe akusikilize Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya. Akiweza kuimba nawe bila kuonyeshwa kwa mkono, umefaulu.