Usimuulize kama ameipenda: namna ninavyopima urahisi wa programu

Ukitaka kujidanganya kuhusu programu uliyoitengeneza, mpe mtu aijaribu kisha umuulize, "Umeionaje?" Huku kwetu Dodoma jibu linakuja kabla swali halijaisha: "Nzuri sana mwanangu, Mungu akuzidishie." Jibu hilo nililipata kwa mama mmoja pale Mpunguzi, barabara ya Iringa, dakika chache baada ya rekodi yake ya zabibu kupotea mbele ya macho yangu.

Mama yule ni karani wa mizani. Wakati wa mavuno wakulima wanaleta kreti zao, yeye anapima na kuandika kwenye daftari, na kilichoandikwa ndicho kitakacholipwa. Mimi na wenzangu wawili tulitengeneza programu ya simu ishike nafasi ya daftari hilo. Kabla ya kuipeleka kijijini tuliwapa wanafunzi wa chuo waijaribu, tukiwa ndani, kivulini, feni inazunguka. Wote walimaliza bila kukwama. Tukaamini tumemaliza.

Mama aliandika 83 badala ya 38. Akataka kusahihisha, akaona kitufe kimeandikwa "Futa", akakibonyeza. Programu ikamuuliza, "Una uhakika?" Akabonyeza "Ndiyo". Uhakika alikuwa nao: alitaka kufuta ile 83, kama mwalimu anavyofuta ubao ili aandike upya. Sisi tulikuwa tumemaanisha kuondoa rekodi nzima ya mkulima, na ikaondoka nzima. Neno lilikuwa la Kiswahili, sahihi kabisa, na likamwangusha mtu anayekijua Kiswahili vizuri. Swali la "una uhakika" halikumwokoa, maana halikumwambia ni uhakika wa nini.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyopima kiolesura, yaani ile sehemu ya programu ambayo mtu anaiona na kuigusa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 kinaangalia mambo matatu: je, mtu anafikia lengo lake, anatumia nguvu na muda kiasi gani, na anaridhika? Lakini yote hayo yanapimwa kwa watumiaji fulani, wenye kazi fulani, katika mazingira fulani. Sisi tulikuwa tumepima watumiaji wasio wetu katika mazingira yasiyo yetu. Jua la saa saba mchana lilifanya maandishi yetu ya kijivu yasionekane kabisa. Miongozo ya WCAG, ile ya kimataifa ya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wote, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa angalau 4.5 kwa 1, na yetu hayakufika. Vidole vilivyolowa maji ya zabibu navyo vilikuwa vinagusa vitufe viwili kwa pamoja. Ndani ya chumba chenye feni usingeona hata kimoja kati ya hayo.

Sasa nafanya hivi. Namtafuta mtu anayeifanya kazi hiyo kweli, namfuata anapoifanyia, na namwambia mapema: "Mama, leo tunaipima programu, wewe hatukupimi. Ukikwama, kosa ni letu." Narudia maneno hayo mara mbili, kwa sababu mtu mzima akishikishwa simu na vijana watatu wenye kalamu na karatasi anahisi yuko kwenye mtihani. Kama nataka kurekodi skrini au sauti, naomba ruhusa kwanza.

Halafu nampa kazi, na maneno ya kazi hiyo nayachagua kwa uangalifu. Kama kwenye skrini kuna kitufe cha "Sajili Mkulima", sisemi "msajili mkulima", maana nitakuwa nimempa jibu. Nasema, "Huyu baba hajawahi kuleta zabibu hapa. Leo ameleta kreti mbili. Mhudumie." Basi. Naangalia kidole kinaenda wapi kwanza.

Baada ya hapo nakaa kimya, na hapa ndipo penye ugumu. Sisi tumelelewa kumsaidia mkubwa. Umemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, sasa anahangaika mbele yako na wewe umenyamaza: roho inauma. Mara ya kwanza nilishindwa, nikanyoosha mkono na kumwonyesha. Akamaliza kazi, nasi tukabaki hatujui kwamba kitufe kile hakionekani. Siku hizi akiniuliza, "Hapa nifanyeje, mwanangu?" namjibu kwa upole, "Ungekuwa peke yako, mama, ungefanyaje?" Mkono wangu naushughulisha kuandika: alisita wapi, alibonyeza nini kwanza, alitamka nini. Akielekea kukata tamaa namsaidia, lakini naandika kwamba nilimsaidia.

Vitabu vya fani hii vinashauri mtumiaji awe anasema kwa sauti kila anachofikiri. Nimejaribu, na kwa wazee wetu haikwenda vizuri. Kuongea peke yako mbele za watu si jambo la kawaida, na maneno yanakauka. Kilichonisaidia ni kuwaweka wawili wanaofahamiana kwenye simu moja. Wanabishana wenyewe: "Bonyeza hapo." "Hapo si pa kutoka?" Katika mabishano hayo unasikia kila wanachodhani kuhusu skrini yako.

Si lazima uwe na watu wengi. Watafiti wa fani hii, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, walionyesha mwaka 1993 kwamba ikiwa kila mtu mmoja anafichua wastani wa asilimia 31 ya matatizo, watu watano watafichua kama asilimia 85. Usichukue hesabu hiyo kama sheria. Ile 31 ni wastani wa miradi waliyoichunguza, na karani na mkulima ni makundi mawili tofauti, kila moja linahitaji watu wake. Ila somo lake kwangu ni kubwa: ukiwa na nauli ya kuwafikia watu 15, usiwamalize siku moja. Ona watano, rekebisha, rudi kwa wengine watano.

Madodoso siyatupi. Lile la SUS (System Usability Scale), la kumuuliza mtumiaji ameonaje urahisi wa programu, alilolibuni John Brooke mwaka 1986, lina sentensi kumi tu na alama zake huishia 100. Wastani unaotajwa sana ni 68. Makarani wetu wanne walitupa alama zilizopita hapo wote, wakati wawili kati yao hawakuweza kusahihisha uzito bila msaada. Adabu ilijibu kwa niaba yao. Kwa hiyo dodoso nalitoa mwisho, na nalisoma sambamba na karatasi niliyoandika mikono yao ilifanya nini. Vikipingana, naamini mikono.

Kosa jingine lilikuwa la saa. Tulikuwa na kisanduku cha kujaza muda wa kupima. Mzigo ukifika saa mbili asubuhi, karani anaandika 2:00, kama mtu yeyote wa hapa angeandika. Mfumo ukasoma saa nane usiku. Ripoti zetu zikajaa zabibu zilizopimwa usiku wa manane. Tulifikiria maelezo, tulifikiria vitufe vya "asubuhi" na "jioni", mwisho tukaona hakuna haja ya kumuuliza kabisa: simu inajua muda, ijiandikie. Visanduku vingi unavyohangaika kuvieleza vizuri havikutakiwa kuwepo.

"Futa" nayo imekwenda. Sasa kuna "Sahihisha uzito" pembeni ya namba yenyewe, na "Ondoa rekodi hii" iko mbali, na iliyoondolewa inaweza kurudishwa.

Jambo ambalo bado linatusumbua ni majina. Tuliweka visanduku vitatu, la kwanza, la kati na la ukoo, kama kwenye fomu za ofisini. Makarani wakajaza "Mama" kwenye cha kwanza na "Neema" kwenye cha pili, kwa sababu hilo ndilo jina ambalo kijiji kizima kinamwitia mkulima huyo. Siku ya malipo jina la kitambulisho linakuwa jingine, na mkulima anasimama dirishani akiambiwa hayumo. Tumeongeza kisanduku cha "Anajulikana kama", na utafutaji unaanzia hapo. Lakini kijiji kimoja kina akina Mama Neema watatu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yajayo nitarudi Mpunguzi na karatasi yangu nikaangalie karani anawatofautishaje kichwani mwake, kabla sijagusa chochote kwenye programu.